Dini Huhubiriwa kwa Kiswahili, Mbona Ichunguzwe kwa Kiingereza?

Utangulizi

Ni nadra kumsikia mwanasiasa wa Kenya akianza hotuba yake pasipo kusema "Bwana asifiwe" na "Asalaam aleikum" hata kabla hajataja jambo lililomleta jukwaani. Anafahamu fika kwamba maamkizi hayo ndiyo ufunguo wa masikio ya wananchi. Dini imetamalaki katika maisha yetu ya hadharani: imo katika mikutano ya injili viwanjani, katika hotuba za Ijumaa misikitini, katika vipindi vya redio na televisheni, katika mikesha, na hata katika maandishi ya nyuma ya matatu. Zipo lugha nyingine zinazobeba usemi huo, zikiwemo Kiingereza na lugha zetu za kwanza, lakini pale ambapo watu wa jamii mbalimbali wanakutana, lugha inayotawala ni Kiswahili.

Hebu sasa tutazame kinachotendeka katika vyuo vikuu. Mwanafunzi wa uzamili au uzamifu katika taaluma ya dini huenda nyanjani, akarekodi mahubiri na mahojiano kwa Kiswahili, akayatafsiri kwa Kiingereza, akayachanganua kwa Kiingereza na kuitetea tasnifu yake mbele ya jopo kwa Kiingereza. Baadaye tasnifu hiyo huwekwa rafuni maktabani. Waliohojiwa hawaioni, na hata wangeiona, wengi wao wasingenufaika nayo. Makala haya yanashikilia kwamba utaratibu huu una kasoro ya kitaaluma na hasara kwa umma. Aidha, yanadai kwamba sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili tuna wajibu katika suala hili, wala hatufai kukaa kando tukidhani ni la idara nyingine.

Yafaa tutofautishe mambo mawili mwanzoni. Seminari na madrasa humwandaa mtu kuwa kasisi, mchungaji, sheikh au mwalimu wa imani, na kazi hiyo ina heshima yake. Taaluma ya dini katika chuo kikuu cha umma ina lengo tofauti: huuliza jinsi dini inavyofanya kazi katika jamii, namna inavyohusiana na sheria, siasa, uchumi, afya na lugha. Mtafiti anaweza kuwa muumini au asiwe. Kinachotarajiwa kwake ni ithibati na uadilifu.

Mimbari na siasa za Kenya

Historia ya nchi hii haiwezi kusimuliwa pasipo kuitaja mimbari. Katika enzi ya chama kimoja, wakati ambapo kukosoa serikali kulikuwa hatari, sauti za akina Henry Okullu, David Gitari, Alexander Muge na Timothy Njoya zilisikika kutoka makanisani. Mahubiri ya Njoya ya mwaka mpya wa 1990, aliyoyatoa wakati tawala za chama kimoja zilipokuwa zikiporomoka Ulaya Mashariki, yalizua ghadhabu serikalini. Mwezi Agosti mwaka uo huo Askofu Muge alifariki katika ajali ya barabarani, siku chache baada ya waziri mmoja kumtishia hadharani. Mwishoni mwa 1999 viongozi wa Kikristo, Kiislamu na Kihindu waliungana katika kile kilichokuja kuitwa Mpango wa Ufungamano ili kudai mageuzi ya katiba yanayowashirikisha wananchi.

Hata hivyo, mimbari hiyo hiyo imewahi kuteleza. Baada ya ghasia zilizofuatia uchaguzi wa Desemba 2007, Baraza la Kitaifa la Makanisa lilikiri mnamo Februari 2008 kwamba viongozi wa kanisa walikuwa wameegemea pande za kisiasa na kikabila, hivyo wakakosa uwezo wa kuwapatanisha watu. Tangu wakati huo suala la fedha za wanasiasa makanisani limezidi kujadiliwa. Mwaka 2021 Askofu Mkuu wa Kanisa la Kianglikana, Jackson Ole Sapit, aliwazuia wanasiasa kuhutubia ibadani. Mnamo Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi nalo liliagiza mchango wa Rais kwa parokia moja urejeshwe.

Matukio haya yote ni malighafi ya utafiti wa kiwango cha juu. Lakini tukio linalodhihirisha zaidi nafasi ya lugha ni kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010. Viongozi wengi wa makanisa waliipinga katiba iliyopendekezwa kwa sababu mbili: kifungu kuhusu uhai na uavyaji mimba, na kuwepo kwa mahakama za kadhi. Waislamu na Wakristo waliokuwa wamekaa meza moja Ufungamano sasa wakajikuta katika kambi tofauti.

Tuliangalie suala la kadhi kwa jicho la mwanaisimu. Kiswahili kina maneno mawili yaliyotoka katika shina moja la Kiarabu: "sheria" na "sharia". Neno la kwanza humaanisha kanuni yoyote ya nchi, iwe ya trafiki au ya ardhi. La pili limetengewa mwongozo wa Kiislamu. Irabu moja tu ndiyo inayoyatenganisha, na katika usemi wa haraka jukwaani mipaka yake hufifia. Ndipo mtu asiye Mwislamu anaposikia kwamba "sharia" imo katika "sheria" kuu ya nchi, akaogopa kwamba siku moja atahukumiwa na kadhi. Ilhali kifungu cha 170 cha Katiba kimeiwekea mahakama hiyo mipaka bayana: masuala ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi, baina ya wahusika ambao wote ni Waislamu na ambao wameikubali mamlaka ya kadhi. Isitoshe, kifungu cha 8 kinatamka kwamba hapatakuwepo dini ya serikali.

Historia nayo ingeweza kuwasaidia wananchi. Makadhi hawakuzuliwa mwaka 2010. Ukanda wa Pwani ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, na Uingereza ikausimamia kwa mkataba wa 1895. Uhuru ulipokaribia, Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Zanzibar, walikubaliana mwaka 1963 kwamba mahakama hizo zingehifadhiwa. Mtu anaweza kuyajua haya yote na bado apinge mahakama za kadhi kwa hoja nzito, kama ile ya usawa wa dini mbele ya serikali. Huo ungekuwa mjadala wa watu wenye maarifa. Wasomi wa kuuongoza walikuwepo, lakini walichokiandika kilikuwa kwa lugha ya majarida, nao umma ukaachiwa vipaza sauti vya kampeni.

Funzo la Shakahola

Kama suala la kadhi lilitugharimu maelewano, la Shakahola lilitugharimu roho za watu. Mnamo Aprili 2023 miili ilianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, na idadi yake hatimaye ikapita 400. Mhubiri Paul Mackenzie wa kanisa la Good News International na washirika wake walifikishwa mahakamani. Upande wa mashtaka ulidai kwamba wafuasi walihimizwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Hatia ni jambo la mahakama kuamua. Kinachotuhusu hapa ni namna mafundisho yanavyosafiri kupitia lugha.

Chukua neno "kufunga". Kwa Mwislamu linakumbusha Ramadhani. Kwa Mkristo linakumbusha Kwaresima au siku za maombi. Ni neno linaloheshimika, tena lina mipaka inayojulikana: mtu hufunga, kisha hufungua au hufuturu. Mafundisho yanayoondoa sehemu ya pili na kuibakiza ya kwanza hayahitaji msamiati mpya. Hutumia neno lile lile ambalo msikilizaji amelizoea tangu utotoni, na kwa kuwa amelizoea, hashtuki. Hali kadhalika "siku za mwisho", "dunia", "kuokoka" na "utii". Mwanafunzi wa semantiki na pragmatiki anaweza kuonyesha ni wapi maana inapopindwa na ni kwa mbinu gani. Mwanafunzi wa dini anaweza kueleza fundisho hilo limetoka wapi na linatofautianaje na mapokeo mengine. Kila mmoja peke yake anaona nusu tu ya jambo.

Baada ya maafa hayo Rais aliunda jopokazi lililoongozwa na Kasisi Mutava Musyimi kuchunguza mfumo wa sheria unaosimamia mashirika ya dini. Jopokazi liliwasilisha ripoti yake Julai 2024. Suala lenyewe halikuwa geni. Mapema mwaka 2016 serikali ilikuwa imetangaza kanuni ambazo, pamoja na mambo mengine, zingewataka wahubiri wawe na mafunzo ya theolojia kutoka taasisi zinazotambuliwa. Viongozi wa dini walizipinga, nazo zikasitishwa. Hapa pana swali gumu: serikali italindaje maisha ya raia bila kukiuka uhuru wa kuabudu uliomo katika kifungu cha 32? Nani ataamua kwamba fundisho fulani limevuka mpaka? Polisi hawana ujuzi huo, na viongozi wa madhehebu makubwa hawawezi kuwa waamuzi wa madhehebu madogo pasipo kushukiwa upendeleo. Wanaohitajika ni watafiti waliofunzwa, wanaoweza kusikiliza mahubiri ya saa mbili kwa Kiswahili, wakatambua lililo la kawaida na lililo la hatari, kisha wakawaeleza wananchi, machifu, walimu na majaji kwa lugha inayoeleweka. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumekuwa tukijenga ukuta kila baada ya maafa.

Hatuanzi mwanzo

Yupo atakayedai kwamba fikra nzito kuhusu dini haziwezi kuendeshwa kwa Kiswahili. Madai hayo yanaonyesha kusahau. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa 1891 na kufariki 1947, alianzisha Al-Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932. Katika kurasa hizo alijadili elimu, uchumi, utawala wa kikoloni na mwenendo wa Waislamu wenzake. Aliandika kwa Kiswahili kwa sababu alitaka asomwe na watu wa Mombasa aliokuwa akiishi nao. Alipanda hadi kuwa Kadhi Mkuu, naye hakuona kwamba cheo hicho na uandishi wa lugha ya watu vinapingana.

Sheikh Abdullah Saleh Farsy, aliyekuwa pia Kadhi Mkuu wa Kenya, alichapisha tafsiri kamili ya Qurani mwaka 1969. Humo alijibizana na tafsiri zilizotangulia, ile ya Kasisi Godfrey Dale ya 1923 na ile ya Jumuiya ya Ahmadiyya ya 1953. Mjadala huo ulihusu maana, sarufi, historia na itikadi, nao uliendeshwa kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Upande wa Wakristo, Johann Ludwig Krapf alianza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo mwaka 1844, mwaka ule ule aliofika Mombasa. Biblia ya 1952 ndiyo iliyowazoesha mamilioni ya Wakristo Kiswahili sanifu cha ibada. Waarabu, Wazungu na wenyeji wote walichangia msamiati huu, na leo "imani", "toba", "dhambi", "malaika" na "nabii" ni mali ya Waislamu na Wakristo kwa pamoja.

Mfano wa Profesa John Mbiti una funzo la ziada. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alieleza dhana ya wakati kwa kutumia maneno mawili ya Kiswahili, "Sasa" na "Zamani", akiwa ameichunguza hasa mifumo ya vitenzi vya Kikamba na Kigikuyu. Alidai kwamba katika fikra za jadi wakati ujao wa mbali hauna uzito. Dai hilo limejadiliwa kwa zaidi ya nusu karne katika vyuo vya dunia nzima. Je, ni wangapi kati yetu wanaosoma Kiswahili wamelijadili? Lugha iliyoazimwa maneno hayo ina "kesho", "kesho kutwa", "mtondo" na "mtondogoo". Ina kiambishi cha wakati ujao. Ina "akhera" iliyokuja na Uislamu. Yamkini ushahidi huu unampinga Mbiti, au yamkini unamuunga mkono, kwa kuwa baadhi ya maneno hayo ni ya mkopo na hesabu ya siku inaishia karibu. Vyovyote itakavyokuwa, mwenye zana za kulijibu swali hilo ni mwanafunzi wa Kiswahili, naye hajaalikwa kwenye meza ya mjadala.

Pingamizi na majibu

Pingamizi la kwanza ni la istilahi. Ni kweli kwamba baadhi ya dhana hazijatulia. Kwa mfano, serikali isiyofungamana na dini tuiiteje? Wapo wanaosema "usekulari", na wapo wanaotumia maelezo marefu. Kila uteuzi una athari. Ukiueleza kuwa ni kutofungamana na dini, msikilizaji huelewa kwamba serikali haiegemei upande wowote. Ukiueleza kuwa ni kutokuwa na dini, huenda akadhani serikali inampinga Mungu. Tazama pia "madhehebu": kwa Waislamu humaanisha hasa mikondo ya fikihi, kama vile Shafii na Hanafi, ilhali kwa Wakristo humaanisha makanisa mbalimbali. Na je, ni haki kumwita mfuasi wa dini ya jadi "mpagani" au "mshirikina" katika tasnifu ya chuo kikuu cha umma? Ugumu huu si sababu ya kuikimbia lugha. Ni mada za tasnifu zinazosubiri wenyewe.

Jambo hili lina uzito mkubwa zaidi kuliko linavyoonekana. Katika Kaunti ya Kilifi wazee wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi. Kiswahili hutofautisha "mganga" na "mchawi" waziwazi, lakini katika mahubiri mengine maneno hayo mawili hutamkwa pamoja kana kwamba ni kitu kimoja. Mtafiti anayetafsiri kwa Kiingereza anaweza kuupoteza mwunganiko huo pasipo kujua, na kuupoteza ni kupoteza kiini cha tatizo.

Pingamizi la pili ni kwamba tasnifu ya Kiswahili haitasomwa ng'ambo. Hoja hii ina ukweli, wala hatupendekezi kwamba Kiingereza kifutwe. Msomi wa dini nchini Kenya hana budi kusoma na kuandika kwa Kiingereza, na pengine Kiarabu au Kigiriki. Lakini asiyesomwa nyumbani ana faida gani kwa walipa kodi wanaomsomesha? Lugha mbili zinaweza kubebwa na mtu mmoja.

Pingamizi la tatu hutoka kwa waumini wanaohofia kwamba kuichunguza dini kwa lugha ya watu wote kutaichafua. Hofu hii tusiidharau. Miaka ya themanini na tisini mihadhara ya hadharani kati ya wahubiri wa Kiislamu na wa Kikristo, iliyoendeshwa kwa Kiswahili, ilizua uhasama katika miji ya Afrika Mashariki. Hata hivyo, mihadhara ile ilikuwa ya kushindana, kila upande ukitaka kuuangusha mwingine. Uchunguzi wa kitaaluma hauna mshindi wa kutangazwa. Ungekuwa mfano wa namna ya kuzungumzia imani ya jirani bila kumtukana, na mfano huo unahitajika zaidi katika lugha ile ile ambayo matusi hutolewa.

Mapendekezo

Kwanza, kanuni za vyuo ziruhusu bayana tasnifu za taaluma ya dini kuandikwa kwa Kiswahili, kama zinavyoandikwa katika idara nyingi za Kiswahili. Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Vyuo vya umma visiwe vya mwisho kukiheshimu.

Pili, pale ambapo mwanafunzi ameamua kuandika kwa Kiingereza, atakiwe kuambatisha muhtasari wa Kiswahili wa kurasa kumi hivi, ulioandikwa kwa ajili ya msomaji wa kawaida, na nakala yake ipelekwe kwa jamii aliyoitafiti.

Tatu, usimamizi uwe wa pamoja. Tasnifu inayochunguza mahubiri ya Kiswahili iwe na msimamizi mmoja wa dini na mwingine wa Kiswahili. Hili halihitaji bajeti kubwa; linahitaji wakuu wa idara wanaozungumza.

Nne, tuanzishe hifadhi ya mahubiri, hotuba za Ijumaa, mawaidha na nyimbo za dini, zikiwa zimenukuliwa kama zilivyotamkwa na kwa idhini ya wahusika. Kazi ya unukuzi inaweza kuanza na wanachama wa chama chetu wakati wa likizo. Watafiti wa kesho watatushukuru.

Hitimisho

Tumezoea kulalamika kwamba Kiswahili hakipewi nafasi katika elimu ya juu. Malalamiko hayo yana haki, lakini nafasi nyingine huchukuliwa kwa kazi. Dini inaamua jinsi Wakenya wengi wanavyopiga kura, wanavyooana, wanavyotibiwa na wanavyozikana. Wanaambiwa la kufanya kwa Kiswahili, kila wiki, na watu wenye elimu na wasio na elimu. Chuo kikuu kinachojibu kwa lugha isiyofika walipo kimeamua kunyamaza, hata kama maktaba yake imejaa. Kwa hivyo mwanafunzi wa Kiswahili anayetafuta mada ya uzamili asiishie kwenye rafu ya riwaya na ushairi. Avuke ua, abishe hodi katika idara ya dini, aulize ni tasnifu ipi inayoandikwa huko sasa kuhusu mahubiri ya Kiswahili, na ajitolee kuisoma.